Taka za Mara zina bei, wenye mtaji wazihesabu

Wafanyabiashara wengi wa mkoa wa Mara huyachukulia mazingira kuwa shughuli ya serikali. Afisa akija hulipwa faini, akiondoka kazi inaendelea kama kawaida. Hesabu hiyo ina kasoro. Katika Musoma, Bunda na Butiama, sehemu kubwa ya uchafu unaomwagwa ni malighafi iliyokwisha kulipiwa. Anayeimwaga anapata hasara mara mbili: kwanza alipoinunua, pili anapotozwa kwa kuitupa.

Musoma: soko lilifungwa samaki wakiwapo

Biashara ya sangara ilipata somo hilo kwa gharama kubwa. Januari 1998 Jumuiya ya Ulaya ilizuia samaki wabichi kutoka Tanzania na nchi jirani kwa hofu ya kipindupindu. Aprili 1999 ikazuia tena samaki wa Ziwa Victoria, safari hii kutokana na taarifa za uvuvi wa sumu. Samaki walikuwamo ziwani na wateja walikuwapo Ulaya, lakini minofu haikuuzika huko. Viwanda vilipunguza kazi na bei mialoni ikaanguka.

Soko lilirudi baada ya ukaguzi kuimarishwa na viwanda kubadili taratibu za usafi. Hadi leo maabara ya ubora wa samaki ya Nyegezi, Mwanza, ni sehemu ya biashara sawa na mashine ya barafu. Usafi wa ziwa ndio leseni ya kuuza.

Faida nyingine imo katika kile kilichokuwa kikitupwa. Mapanki yana wateja wake katika masoko ya kawaida. Mabondo hununuliwa kwa ajili ya soko la China, na kilo ya mabondo makavu huuzwa kwa bei kubwa kuliko kilo ya minofu. Mwenye kiwanda anayeosha sakafu kabla ya kukusanya mabaki analipia maji, analipia kusafisha majitaka, na anapoteza bidhaa. Akikusanya kwanza kisha akaosha, gharama zote tatu zinashuka bila kununua mtambo mpya.

Dagaa: hasara iliyozoeleka

Kwa mchuuzi mdogo, hesabu iko wazi zaidi kwa dagaa. Wanaoanikwa mchangani hushika mchanga na uchafu, na mvua ikinyesha huoza. Waliooza huishia kwenye chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Tuchukue mfano wa mwenye magunia 10. Akipoteza 2, itabidi auze yale 8 yaliyobaki kwa bei iliyopanda kwa asilimia 25 ili arudishe tu fedha aliyotarajia. Sokoni hakuna anayempa nyongeza hiyo kwa sababu mvua ilimnyeshea.

Dawa yake inajulikana: kuanika juu ya vichanja vya nyavu, ambako hewa hupita chini na juu. Mbona basi wengi bado wanaanika mchangani? Wachuuzi wenyewe hawastahili lawama yote. Mnunuzi wa jumla akifika mwaloni na kulipa bei moja kwa dagaa wa mchangani na wa kichanjani, amemwambia mchuuzi asipoteze fedha zake kwa nyavu na nguzo. Wanunuzi wakubwa wakipanga bei kwa madaraja, vichanja vitajengwa haraka kuliko semina yoyote inavyoweza kuhimiza.

Bunda na Butiama

Wilayani Bunda, pamba hutoa nyuzi, na mbegu zake hutoa mafuta na mashudu ya mifugo. Dawa ya kuulia wadudu ndiyo inayokula faida. Inayonyunyizwa kupita kiasi inatoka mfukoni mwa mkulima, na mvua huisukuma kuelekea Ghuba ya Speke, wanakovua ndugu zake. Meatu, mkoani Simiyu, mradi wa pamba isiyotumia kemikali ulioanza mwaka 1994 umeonyesha kuwa wapo wanunuzi wa ng'ambo wanaolipa nyongeza kwa pamba ya aina hiyo.

Wilayani Butiama, wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Buhemba wana tatizo la zebaki. Inayochomwa wazi hupotea hewani, na mchimbaji hulazimika kununua nyingine. Kifaa kilichofungwa huinasa sehemu kubwa ili itumike tena, na hulinda mapafu ya anayechoma. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, hivyo atakayechelewa kubadilika atakuta zebaki ni ghali na mlango umefungwa.

Wakubwa nao hawako salama. Mwaka 2019 mgodi wa North Mara, Tarime, ulitozwa na NEMC faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uvujaji wa bwawa la tope sumu. Kampuni kubwa inaweza kustahimili pigo la aina hiyo. Biashara ndogo ikipata hata sehemu yake ndogo tu inafunga milango.

Mtaji utoke wapi?

Wapo watakaosema kuwa mazingira ni anasa ya wenye fedha. Hoja hiyo ina uzito panapohitajika mtambo wa kusafisha majitaka. Lakini hatua za mwanzo ni kupima maji, kuziba panapovuja na kutenganisha mabaki, nazo hazihitaji benki. Kituo cha taifa cha kuvifundisha viwanda uzalishaji safi kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1995 kwa msaada wa UNIDO na UNEP, na mradi wa mazingira wa Ziwa Victoria, awamu ya pili kuanzia mwaka 2009, ulilibeba suala hilo hilo. Ujuzi upo nchini.

Benki nazo zibadili mtazamo. Mkopo wa vichanja unaookoa magunia 2 katika kila 10 una dhamana nzuri kuliko mkopo wa kununua dagaa wengi zaidi wa kuanika mchangani.

Mwekezaji mdogo anayetaka kuingia ubia Mara aulize mambo matatu kabla ya kutoa fedha: taka za biashara hiyo zinakwenda wapi, nani anazilipia, na nani angezinunua. Mwenye biashara asiyeweza kujibu hajui gharama zake, na anayetaka ubia naye aondoke na fedha zake mfukoni.