Gari Likizima Porini, Tulindane

Wengi wetu tunaosafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya au Songea tunapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi. Kwa kilomita zipatazo 50 tunaona twiga hapa, nyati pale, tembo wakivuka bila haraka. Watoto hufurahi sana. Lakini tumewahi kujiuliza, gari likizima hapo saa moja jioni, tushuke au tubaki ndani?

Hifadhini, bakini ndani. Simba akilala kwenye nyasi hatua chache kutoka kwenye lami, macho yetu hayamwoni. Washeni hazadi, pandisheni vioo mkiacha upenyo wa hewa, pigeni simu namba 112, kisha tulieni. Kama ni pancha, subirini gari jingine lisimame kwanza, ili mmoja akifungua nati wengine wamulike nyasi kwa tochi. Na mtoto akibanwa na haja ndogo? Mama yangu, dada yangu, mlangoni mwa gari panatosha. Leo hakuna wa kumcheka.

Sasa tusonge mbele, tupite Ruaha Mbuyuni, tuanze kuupanda mlima Kitonga. Hapa shauri linageuka. Barabara ni nyembamba, kona zimefuatana, na malori yaliyosheheni mizigo ya Zambia na Congo yanapanda na kushuka usiku na mchana. Mnyama wa kuogopa hapa ni lori linalokuja nyuma yako, na dereva wake hajui kwamba umesimama. Kwa hiyo abiria washuke wote, kwa upande usio na magari, wakae mbali na lami. Wasisimame mbele ya gari wala nyuma yake.

Nalisisitiza hili kwa sababu basi likipata pancha tuna mazoea yetu. Tunashuka, tunalizunguka tairi, kila mmoja anamwelekeza utingo namna ya kuweka jeki. Akina mama wanatafuta kivuli, na mara nyingi kivuli kilichopo ni cha basi lenyewe. Je, hatuwezi kuambiana kwa upole, "Jamani, tusogee kule kwenye miti"? Hata abiria mmoja akianza, wengine humfuata.

Pembetatu ya kuakisi mwanga nayo tunaiweka karibu mno. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Ukiiweka hatua kumi nyuma ya gari, anayekuja hapati hata nafasi ya kugusa breki. Hesabu hatua mia moja, na kama kuna kona, iweke kabla ya kona. Huna pembetatu? Kata matawi. Kila dereva wa nchi hii anajua matawi barabarani yana maana gani. Ila usiku yanaonekana kwa shida, basi pembetatu ni bora tuinunue.

Dereva mwenzangu, injini ikianza kukohoa, usingoje izime. Gari lingali linatembea, litoe nje ya lami. Na likichemsha, tafadhali usikimbilie kufungua rejeta. Maji yale yanaruka usoni kama ya chungu kilichofunikwa. Kaa nusu saa au zaidi mpaka ipoe. Maji ya kunywa yaliyomo garini ni ya watu kwanza, hasa watoto na wazee. Ya rejeta yawe na dumu lake.

Nyumbani je, tunafanya nini kabla ya safari? Spea tunaipima upepo? Jeki inanyanyua? Spana ya magurudumu inaingia kwenye nati zetu, au ni ya gari tulilouza? Mwambieni mtu mmoja mnapita njia ipi na mnatarajia kufika saa ngapi. Njiani, jina la kijiji mlichopita mwisho liwe kichwani mwa mtu, maana "tuko porini" haimsaidii anayekuja kuwatafuta. Mtandao ukiwa hafifu na simu haiiti, andikeni ujumbe mfupi; mara nyingi huo hupenya.

Nanyi mafundi wetu wa pancha, tunawategemea sana. Nati mliyoikaza kwa mashine, mama aliye peke yake barabarani ataifungua kwa mkono gani? Malizieni kwa spana ya mkono, kwa nguvu ambayo msafiri naye ataiweza.

Wenye magari, nina ombi moja. Dereva akikwambia gari limekufa, usimpigie kila dakika kumi kuuliza amefika wapi. Mtu anayeharakishwa huingia chini ya gari gizani, kwenye lami. Tangu 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, kwa hiyo barabara hailali. Mwambie, "Kaa salama, kesho tutamtuma fundi." Mzigo utachelewa, ndiyo. Na uchelewe.

Unayepita na kumkuta mwenzako amekwama, huenda unasita kusimama usiku, na nakuelewa. Basi punguza mwendo, uliza kupitia kioo, kisha peleka habari kwa askari wa kituo kinachofuata. Hata aliyekwama naye aongee kupitia kioo mpaka amjue anayemsaidia. Hakuna atakayechukia.

Gari likishapona, kuna kazi moja ya mwisho ambayo furaha hutusahaulisha. Mawe tuliyokingia magurudumu bado yako kwenye lami, na kijana wa bodaboda atakayepita saa mbili usiku hatayaona. Rudisheni jeki, hesabuni watoto, na kabla dereva hajaingiza gia, utingo apite nyuma aondoe kila jiwe na kila tawi.