Moto ule juu ya ziwa



Katika mwezi wa kumi na moja, mama mmoja wa chama chetu alitujia akiwa na huzuni. Mtoto wake anavua ndagala usiku, na wakati mwezi haupo ndipo wavuvi wanatoka kwa wingi na taa zao. Usiku mmoja wa giza aliona mpira wa moto ukipita polepole juu ya ziwa. Jirani akamwambia hiyo ni habari ya kifo. Mtoto alirudi asubuhi na samaki, lakini mama hakutaka atoke tena.

Hatukumcheka, hata sisi tulilelewa na maneno hayo. Tulimweleza hivi. Kile ni kimondo, kijiwe kinachoungua hewani makumi ya kilometa juu ya mitumbwi. Simameni gare hapa Kalemie, mtazame reli za kwenda Kabalo: mbele kule zinaonekana kukutana, na hazikutani. Vijiwe vinavyosafiri pamoja navyo vinaonekana kutoka mahali pamoja mbinguni. Tupaite chimbuko.

Vimondo vya Desemba chimbuko lao ni dogo, katika nyota za Mapacha. Nyoosha mkono: kidole cha mwisho kinalifunika. Vinatoka kwa Phaethon, jiwe lililogunduliwa mwaka 1983. Linazunguka jua kwa karibu mwaka mmoja na miezi mitano, wala halifiki kwenye njia ya Mshitarii, sayari kubwa kuliko zote. Kwa hiyo vijiwe vyake havijatawanyika sana.

Vya Novemba ni vya nyota yenye mkia iitwayo Encke. Njia yake inafika karibu na ile ya Mshitarii, na kwa maelfu ya miaka sayari hiyo imevivuta vijiwe, kila kimoja kikashika njia yake. Chimbuko lao limekuwa pana kama ngumi mbili za mkono ulionyooshwa. Tena ni vichache kwa saa. Mtu anaona kimoja tu, hajui kilikotoka, anadhani kimetumwa kwake.

Usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 Desemba, mvua ikituachia, tutakaa kandokando ya ziwa na watoto. Leteni mikeka na chai. Kuanzia saa 20h30 tazameni kaskazini-mashariki. Baada ya usiku wa manane ndipo vinazidi. Kila mtoto afuate kimondo kwa fimbo, arudi nyuma mpaka kilipoanzia.

Mama yule atakuja. Mtoto wake hatakuwa nasi: kama hakuna mwezi, atakuwa ziwani.