Semina ya Faragha Ianze na Daftari la Bwana Shamba

Ndugu mkulima, leo naomba tuweke pembeni viwavijeshi na palizi ya mpunga. Kuna jambo limenikaa kooni tangu semina niliyohudhuria Ifakara mjini, na nisipolisema hapa sitalisema popote.

Semina ilihusu usalama wa taarifa kwenye simu kwa watu wanaoanza. Wazo zuri, na waandaaji siwataji kwa sababu sina ugomvi nao. Lakini kabla mwezeshaji hajafungua mdomo, ilipitishwa karatasi ya mahudhurio: jina kamili kama lilivyosajiliwa kwenye laini, kijiji, namba ya simu ya kutumiwa posho, sahihi. Ikazunguka ukumbi mzima, kila mtu akisoma namba za waliomtangulia. Mchana kijana mmoja akaipiga picha kwa ajili ya ripoti na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp. Somo la siku hiyo lilikuwa kwamba taarifa binafsi ni siri.

Tukafundishwa VPN na usimbaji fiche. Usimbaji fiche si jambo gumu ukielezwa vizuri. Ujumbe unafungwa kwa kufuli ndani ya simu yako, na ufunguo upo kwenye simu ya unayemwandikia tu, kwa hiyo wanaoubeba njiani hawawezi kuusoma. WhatsApp inafanya hivyo yenyewe tangu 2016, wewe hubonyezi chochote. Meseji ya kawaida ya kitochi haina kufuli hilo, ni kama barua isiyo na bahasha. Hayo ni maelezo ya dakika kumi. Sisi tulikaa nayo saa tatu, kwa projekta, mbele ya watu ambao wengi wao wana vitochi. VPN nayo tukaambiwa tupakue tu. Hakuna aliyetaja kwamba Oktoba 2023 TCRA ilitoa tangazo la kuwataka wanaotumia VPN watoe taarifa kwake. Unampa mwanafunzi wa siku ya kwanza chombo, halafu unamficha masharti yake.

Mama mmoja wa Minepa akanyoosha mkono. "Mwanangu, mimi kusoma sijui. Mjukuu ndiye ananitolea hela kwa wakala. Namba ya siri anayo yeye, na wakala naye anaijua. Nifanyeje?" Akajibiwa kwamba ni swali zuri, litashughulikiwa awamu ya pili. Awamu ya pili haijafika mpaka leo.

Tukiwa tunarudi, pale darajani, afisa mwenzangu akacheka akasema semina hizi ni za watu wa mjini, mkulima wa Kivukoni ana siri gani ya kuficha? Ndugu yangu, nakujibu hapa mbele ya watu. Mkulima ana magunia ndani, na dalali akijua ni mangapi, na akijua mtoto anadaiwa ada, bei inashuka papo hapo. Ana namba ya NIDA. Ana namba ya ruzuku. Mama ana hela ya VICOBA ambayo hataki mumewe aijue, na ana sababu zake. Enzi za pantoni, kabla daraja halijafunguliwa mwaka 2018, kila mtu aliona umevuka na nini, ni kweli. Lakini aliyekuona nawe ulikuwa unamwona.

Siku hizi humwoni. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" unatumwa hovyo kwa kila mtu, huo tumeshauzoea. Ninaouogopa ni ule unaokuja na jina lako la ukoo na jina la AMCOS yako, wiki ile ile mliyolipwa mpunga. Huo haukubahatisha. Umetoka kwenye orodha, na orodha za wakulima bonde hili tunazo sisi: maafisa ugani, viongozi wa vyama, mawakala wa pembejeo, watu wa miradi.

Hapa nina la kukiri. Ruzuku ya mbolea iliporudi msimu wa 2022/2023 kwa usajili wa kidijitali, nilikuwa na daftari kubwa la majina, simu, ekari na namba za ruzuku za wakulima wangu. Wengi walikuwa wanafuta meseji yenye namba yao, halafu wananitafuta. Nikaona nirahisishe, nikaliacha daftari kwenye duka moja la pembejeo ili kila mtu apitie aangalie namba yake. Wiki chache baadaye mkulima mmoja akaenda kuchukua mbolea yake ya kukuzia, mfumo ukasema ameshachukua. Hakuwa amechukua hata kilo. Tulizunguka naye ofisi mbili mpaka mpunga ukapita umri wa kuwekewa mbolea. Nani alichukua, sina ushahidi, na simtuhumu mtu. Ninachojua ni daftari langu lilikuwa wapi.

Kwa hiyo ninaposikia semina inamlaumu mkulima kwamba "hana uelewa", nachukia. Nywila dhaifu, wanasema. (Neno nywila sijalisikia Kivukoni, watu wanasema namba ya siri.) Mkulima yule hakukosea kitu, hata angefunga simu yake kwa kufuli saba.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ipo. Inamtaka anayekusanya taarifa zako akueleze anazitakia nini, achukue zinazohitajika tu, na azitunze. Haijaandikwa humo "isipokuwa bwana shamba".

Wapo wanaofundisha vizuri. Zaina Foundation ya Dar es Salaam imekuwa ikiwafundisha wanawake usalama wa mtandaoni kwa Kiswahili, na ningependa kazi ya namna hiyo ifike ng'ambo hii ya mto. Ila ianzie tulipo. Wenye simu janja waanze na programu za mikopo. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni. Kuna programu za aina hiyo zinazoomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyo kwenye simu, ukichelewa kulipa wanamwandikia mpaka mkwe wako. Kabla ya kubonyeza "ruhusu", jiulize mkopo unahusiana nini na namba ya mkweo. Wenye vitochi wabonyeze *106# waone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chao. Ukikuta usiyoijua, nenda kwa kampuni ya simu husika ukaikane. Ujumbe wa tapeli usiufute, upeleke 15040 pamoja na namba iliyoutuma.

Yule mama nilimfuata Minepa. Kibonye cha tano kwenye kitochi chake kina kinundu, unakisikia kwa kidole. Tulibadilisha namba yake ya siri, akajifunza mpya kwa kuhesabu vibonye kutoka kwenye kinundu: juu, chini, pembeni. Mjukuu anambonyezea mpaka inapoombwa namba ya siri, kisha anampa simu, naye anamalizia ameigeuzia kifuani. Ilichukua asubuhi moja na ndizi mbili za kuchoma.

Daftari langu sasa linakaa kabatini ofisini na ufunguo ninao mimi. Ukitaka namba yako ya ruzuku njoo mwenyewe, nitakuandikia kwenye karatasi yako, sitaitaja kwa sauti na sitaituma kwenye kundi. Mawakala walioniomba orodha nzima "ili kuharakisha kazi" nimewakatalia, na wawili hawanisalimii.

Wanaotaka kujifunza, tunaanza Jumatano baada ya gulio, ofisi ya kijiji. Kitochi kinatosha. Karatasi ya mahudhurio haitakuwepo, na posho pia hakuna.