Barua ya wazi kwa Mkuu wa Jeshi la Polisi: Akirudia swali, asiandikwe amekiri

Afande IGP,

Mimi ni mwalimu wa elimu maalumu. Vijana ninaowafundisha wana usonji, na wanakua. Mmoja wao akiwa na miaka 6 aliingia duka la watu, akashikashika bidhaa huku akijiimbia, watu wakacheka. Leo ana miaka 16 na ndevu zimeanza kuota. Akifanya yaleyale anaitiwa mwizi, na hapo askari akiwahi kufika kabla ya mawe ni rehema. Kwa hiyo sijaja kulalamikia askari wako. Nina hofu na maelezo ya onyo, yale ambayo polisi huyaandika wanapomhoji mtuhumiwa.

Mpelelezi anauliza, "Wewe ndiye uliyechukua simu?" Kijana anajibu, "Uliyechukua simu." Anaulizwa tena kwa ukali, anajibu, "Chukua simu." Wengi wao hurudia maneno ya mwisho waliyosikia wakati bado wanatafuta jibu. Wengine wamejifunza kwamba "ndiyo" humaliza maswali haraka, basi hujibu ndiyo kwa kila kitu, hata ukimwuliza kama ameiba ndege ya serikali. Hakutazami machoni, ukimshika bega anachomoka. Asiyemjua ataona hatia na ukaidi. Na Sheria yetu ya Ushahidi inaruhusu mahakama kupokea maelezo ya kukiri yaliyotolewa kwa askari kwa hiari. Hakimu ataletewa karatasi. Ile sauti ya kurudia swali haimo.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu kijana huyu kuwa mtoto hadi atimize miaka 18, nayo inataka akiwa mikononi mwa polisi asichanganywe na watu wazima. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, tuliouridhia mwaka huohuo, unataka polisi wafundishwe namna ya kuwahudumia watu hawa. Msingi upo. Ninachoomba ni waraka wako: maelezo yasiandikwe hadi afike mzazi au mtu anayeelewa usemi wa kijana, pamoja na afisa ustawi wa jamii. Aulizwe "Simu iko wapi?", yaani swali lisilojibika kwa ndiyo, kisha asubiriwe. Kimya cha dakika nzima si dharau.

Wala hatuombi kinga. Kama simu kaichukua kweli, airudishe, na aelezwe kosa lake kwa namna atakayoielewa.

Polisi Kata nao wangeweza kufahamiana na vijana hawa mapema, wazazi wakiridhia. Baadhi hawataridhia, maana wapo wanaoambiwa hadi leo kwamba mtoto ana mashetani, wakamfungia ndani. Hao tuachieni walimu, tutazungumza nao.

Na Shule ya Polisi Moshi ikitenga asubuhi moja kwa kila kozi, niko tayari kuja na mwanafunzi mmoja na mama yake, kuruta wajaribu kumhoji.

Wako,
Mwalimu wa elimu maalumu, Dar es Salaam