Forodhani Ipo, Je Sisi wa Ng'ambo Tukae Wapi?

Najua nimeadimika. Wengine mmeniuliza kama nimeacha chuo, wengine mmesema nimeoa kimya kimya. La hasha! Ni mazoezi ya kufundisha tu ndiyo yaliyonibana. Andalio la somo usiku, ubao mchana, kusahihisha madaftari jioni, na katikati hapo bado unatakiwa ule. Sasa nimerudi dakhalia, nina jambo linanikereketa tangu mwezi uliopita, naomba nilitoe leo.

Katika skuli niliyopangiwa nilikuwa na darasa la tano. Siku moja tukaenda na watoto Mji Mkongwe kwa somo la historia. Tukatembea, tukatazama milango, tukasimama mbele ya Beit el Ajaib, jua likatupiga kisawasawa. Mwisho nikawaambia twendeni tukapumzike bustanini Forodhani. Wenzao wakakimbilia vivuli na madawati. Mmoja akabaki kasimama, mikono nyuma. Nikamwambia kaa basi. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, hapa pa kukaa ni bure?"

Wadau, nilicheka kwanza. Kisha nikanyamaza. Mtoto wa miaka kumi na moja, kazaliwa na kukulia mji huu huu, anaishi mwendo wa dakika ishirini kwa mguu kutoka bustani kubwa ya mji, na hajui kama anaruhusiwa kukaa. Anajua Forodhani ni mahali pa wenye pesa za pweza na wageni wenye kamera. Yeye kwao akitaka kucheza anacheza njiani, gari ikija anapisha.

Nikaanza kujiuliza, hivi bustani za mji wetu ni za nani, na nani anazitunza?

Kwanza tuwe wakweli, Forodhani ni kazi nzuri. Wale wanaopenda kuponda kila kitu leo nitawaudhi kidogo. Pale zamani palikuwa forodha, ndipo jina lilipotoka, bidhaa zikishushwa na kulipiwa ushuru. Bandari ilipohamia Malindi eneo likabaki wazi, na katikati ya miaka ya 1930 likafanywa bustani ya kuadhimisha jubilei ya mtawala. Bustani ya kumsherehekea mtawala, tukaja kuifanya yetu kwa mishkaki na juisi ya miwa! Hilo nalipenda sana.

Lakini ikachakaa. Ukuta wa bahari ukaliwa na mawimbi, taa zikafa, majani yakawa vumbi. Ndipo Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, kwa makubaliano na Serikali ya Mapinduzi, ukaikarabati kuanzia 2008, na mwezi Julai 2009 ikafunguliwa upya. Angalia walichofanya: waliweka mitaro, umwagiliaji wa maji, taa na njia za kupita, wakapanda miti na majani, wakaimarisha ukuta. Na hawakuwafukuza wauza chakula. Waliwatengea eneo lao ndani ya bustani ile ile.

Hapo pana somo kubwa. Miji mingi ikitaka kupendezesha bustani, kitu cha kwanza ni kumfukuza muuza karanga na mwenye deli la kahawa, halafu inashangaa kwa nini bustani imekuwa tupu na wahuni wamehamia. Bustani inalindwa na watu. Forodhani usiku kuna mwanga kwa sababu kuna biashara, kuna familia kwa sababu kuna mwanga, na mama anaweza kukaa na wanawe hadi saa tatu bila wasiwasi kwa sababu kuna familia nyingine. Hata paka wa pale wamenenepa. Mwezi wa Ramadhani baada ya tarawehe ndio usiseme, pa kuweka mguu hupapati.

Sasa tuje kwenye upande usiopigwa picha.

Baada ya lile swali la mtoto nilirudi Forodhani peke yangu, asubuhi mapema kabla jua halijapanda. Nikamkuta mama mmoja anafagia. Nikamwamkia, tukazungumza kidogo. Nikamuuliza kazi ngumu hapa ni ipi? Nilidhani atasema majani ya miti. Akasema, "Mwanangu, vijiti vya mishkaki. Unaweka takataka kwenye mfuko, kijiti kinautoboa, unanyanyua zote zinamwagika, unaanza upya. Na vingine vinatuchoma mikono."

Hebu fikiria. Mie nimekula mishkaki pale tangu nina akili, na siku zote kijiti nimekiacha mezani au nimekitupa chini ya mti. Haikunijia hata siku moja kwamba kuna mtu kinamchoma alfajiri. Debe moja tu la bati, liwekwe kila penye jiko na liandikwe VIJITI, lingemaliza tatizo hilo. Halihitaji mfadhili. Linahitaji mtu wa kumuuliza yule mama.

Na hapo ndipo ulipo msimamo wangu. Tunadhani bustani inaboreshwa siku ya kukata utepe. Siku ile kuna mkasi, kuna hotuba, kuna kamera. Lakini bustani inaishi au inakufa siku elfu zinazofuata, kwa bomba lililoharibika likatengenezwa wiki hiyo hiyo au lisitengenezwe, kwa balbu moja iliyoungua ikabadilishwa au ikasubiri kumi nyingine ziungue. Pwani kwetu chumvi inakula chuma, upepo wa kusi unarusha maji ya bahari mpaka kwenye majani. Usipomwagilia maji matamu na usipopaka rangi, huna bustani.

Ushahidi tunao pale pale, ng'ambo ya barabara. Beit el Ajaib, jumba alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020, tena wakati linafanyiwa ukarabati, na watu wakapoteza maisha. Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, lakini jina kubwa halizuii ukuta kuanguka. Kitu kikiachwa muda mrefu, hata siku ukija na pesa unaweza ukawa umechelewa.

Haya, na Ng'ambo je?

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 893,169 katika Mkoa wa Mjini Magharibi. Wanaoishi ndani ya Mji Mkongwe ni sehemu ndogo tu ya hao. Sisi wengine wote tuko Ng'ambo na mitaa iliyozaliwa baada yake, huko inakomalizikia lami. Bustani zetu zinazojulikana, Forodhani, Jamhuri, Victoria, zote ziko upande wa Mji Mkongwe au mpakani mwake, pale ulipokuwa mkono wa bahari uliokuja kufukiwa. Ukitaka kumpeleka mtoto kwenye pembea, kuna kiwanja cha kufurahishia watoto Kariakoo, kizuri, lakini ni cha tiketi. Mwenye watoto watano anapiga hesabu mara mbili.

Si kwamba Ng'ambo hakuna nafasi. Pita Michenzani, kati ya yale majumba marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, utaona maeneo ya wazi. Watoto wanacheza mpira, wazee wanacheza bao, gari zimeegeshwa, nguo zimeanikwa. Watu wenyewe wameshaonesha wanataka nini. Kinachokosekana ni mti wa kivuli, dawati, taa na mtu mwenye jukumu la kupaangalia.

Mtaani kwetu (sitautaja, wenyewe mnajijua) tulikuwa na kiwanja nilichojifunzia mpira. Kwanza likaja kontena moja, tukaambiwa ni la muda. Likaja la pili. Kisha mchanga wa mtu anayejenga. Siku tunashtuka, goli moja halipo. Hakuna aliyekuja na barua kusema kiwanja kimekwisha, kilipungua kidogo kidogo mpaka kikaisha. Leo wadogo zangu wanacheza barabarani, na mama anakaa kibarazani roho mkononi.

Najua wapo watakaosema, "Wewe nawe! Watu wanataka maji na ajira, unaleta habari za majani?" Nawaheshimu, lakini sikubaliani. Anayehitaji bustani zaidi ni yule mwenye chumba kimoja na watoto wanne. Mwenye nyumba kubwa ana uwanja wake ndani ya ukuta. Na sisi wanafunzi wa ualimu tunafundishwa kila muhula kwamba mtoto anajifunza kwa kucheza. Anacheza wapi? Kwenye andalio la somo?

Wengine watasema bustani za mitaani zitageuka vijiwe vya wahuni. Inawezekana, zikiwa giza na hazina mwenyewe. Ndiyo maana nimesema somo la Forodhani ni mwanga na biashara ndogo. Mpe muuza kahawa nafasi ya kudumu pembeni mwa bustani, atakuwa mlinzi bora kuliko mlinzi, maana mahali pakiharibika na yeye riziki imekwenda.

Mie si mtaalamu wa mipango miji, ni mwalimu mtarajiwa tu, ila nina manne ya kupendekeza.

Moja, kila manispaa iorodheshe viwanja na maeneo ya wazi ya kila mtaa, iweke mipaka inayoonekana, na orodha ibandikwe ofisi ya sheha. Kiwanja kisicho kwenye karatasi ndicho kinachomezwa na kontena.

Pili, kila shilingi inayokusanywa kutoka kwa wafanyabiashara wa bustanini iwe na daftari lake. Sehemu irudi kununua balbu, mabomba na mifagio ya bustani ile ile, na sehemu ivuke barabara kwenda kuanzisha bustani ndogo Ng'ambo. Mgeni akinunua pweza Forodhani, mtoto wa mtaa wa pili apate mwembe.

Tatu, tuanze kwa vidogo. Miti sita, madawati manne, taa mbili na bomba moja ni bustani. Ikistawi mwaka mmoja, ongeza. Ikifa, tujue nani hakumwagilia.

Nne, sisi wenyewe. Skuli nyingi ziko jirani na viwanja hivi. Darasa moja litunze miti miwili kwa zamu, na somo la sayansi liwe limepata maabara. Nitakapoajiriwa nitaanza na hili hata kama mwalimu mkuu atanuna.

Na pale mtu mkubwa atakapotaka kujenga juu ya eneo la wazi, tusiogope kusema. Wenzetu Nairobi mwaka 1989 walitaka kujengewa ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Profesa Wangari Maathai akapinga, akatukanwa na wabunge, akaambiwa maneno ambayo mwanamke hapaswi kuambiwa. Hakurudi nyuma. Ghorofa halikujengwa, bustani ipo mpaka leo. Wala hakuwa waziri wakati huo, alikuwa raia aliyeandika barua.

Sisi watu wa mwambao wala hatuhitaji kufundishwa kukaa pamoja. Nyumba zetu zina baraza nje ili mpita njia apate pa kukaa, aulizwe hali, apewe kahawa. Hakuna anayeulizwa pesa kibarazani. Bustani ya mji nayo ingepaswa kuwa hivyo hivyo, na kama mtoto wetu anasimama pembeni akiuliza ruhusa, basi kuna mahali tumekosea sisi wakubwa.

Yule mwanafunzi nilimjibu, "Ni bure, kaa." Akakaa ukingoni kabisa mwa dawati, kama mtu anayetarajia kuinuliwa wakati wowote. Baada ya dakika tano akajisogeza nyuma, akaegemea, akaanza kuwatazama vijana wanavyopiga makachu baharini. Alipotulia vile, nikaona bora tuchelewe kidogo kurudi skuli. Tukachelewa, na mwalimu wa zamu akanisema. Nimemsamehe.

Haya wadau, ndiyo yangu hayo. Mtaani kwenu kiwanja bado kipo, au na nyie mshaletewa kontena la muda? Niambieni. Mie naenda kupanga foleni ya chakula kabla maharage hayajaisha. Tuonane wiki ijayo, Inshallah.