Strøget na haki ya asiyenunua

NJIA NA WATU
Na Zuhura Mbaruku

Anayeshuka Copenhagen na pesa za kuhesabu huingiwa na hofu mapema. Kikombe kimoja cha kahawa bei yake ingepika chakula cha mchana cha nyumba nzima kwetu Tanga. Ndiyo maana wasafiri wa mfuko mwepesi huambiana waupite mbali Strøget, mtaa mkuu wa maduka, kwamba ule ni wa wenye nazo. Mimi nashauri kinyume. Mwenye pesa kidogo aanzie pale pale, na asiwe na haraka ya kuondoka.

Strøget ni mitaa kadhaa iliyoungana, yenye urefu wa kilomita moja na kidogo, kutoka uwanja wa Rådhuspladsen mbele ya jumba la halmashauri ya jiji hadi uwanja wa Kongens Nytorv. Mchana magari hayapiti. Hata baiskeli, ambayo Copenhagen hupandwa na wanafunzi na mawaziri, hapa mwenyewe hushuka akaisukuma. Basi watu hutembea katikati ya njia, watoto wameachiwa mikono, wazee wanasimama popote wanapojisikia kupumua.

Uhuru huo ulipiganiwa. Novemba 17, 1962, jiji liliufunga mtaa huo kwa magari kwa majaribio. Wenye maduka wakaja juu: gari lisipofika mlangoni, mteja atatoka wapi? Wengine wakasema maisha ya kukaa nje ni ya Waitaliano, baridi ya Denmark haiyataki. Alfred Wassard, mmoja wa mameya wa jiji aliyeusimamia mpango huo, alitishiwa kuuawa. Hakurudi nyuma. Mwaka 1964 uamuzi ukawa wa kudumu, na wafanyabiashara waliokuwa wakilia wakaona wateja wanaongezeka.

Baadaye msanifu majengo Jan Gehl aliufanya mtaa huo kuwa shule yake. Alikaa akihesabu: wangapi wanapita, wangapi wamesimama, wamekaa wapi, wameelekea wapi. Aliyoyaona aliyaandika katika kitabu chake cha mwaka 1971. Mbele ya mabenki na maofisi watu hupita bila kugeuka. Husimama palipo na watu wenzao, kwa mpiga gitaa, kwa mchoraji aliyepiga magoti, hata kwa mafundi wanaochimba barabara. Benchi linalotazama wapita njia hujaa, na linalowapa mgongo hubaki tupu.

Kwa msafiri asiye na pesa, huo ndio utajiri wenyewe. Kinachotazamwa zaidi Strøget hakiuzwi. Nilikaa muda mrefu Amagertorv, uwanja ulio ndani ya mtaa huo, kwenye ngazi za chemchemi ya Korongo iliyojengwa mwaka 1894, mkate mweusi wa dukani mkononi na chupa ya maji ya bomba pembeni, maana maji ya bomba ya Copenhagen ni safi, hayana haja ya kuchemshwa. Chini ya miguu yangu kulikuwa na sakafu ya mawe ya rangi tano iliyobuniwa na msanii Bjørn Nørgaard mwaka 1993. Hakuna aliyekuja kuniuliza nimeagiza nini. Tangu mwaka 1950 wakunga wanaohitimu masomo huja kucheza kuizunguka chemchemi hiyo, na anayetaka kuwatazama hahitaji tiketi.

Nimependa pia jinsi jiji linavyomfikiria mtu wa chini kabisa. Denmark makopo na chupa nyingi za vinywaji zina amana, krone moja hadi tatu, inayorudishwa ukizirejesha. Wapo wanaoishi kwa kuziokota. Mapipa mengi ya taka ya Copenhagen yamefungiwa kishubaka kidogo kwa nje. Aliyemaliza soda huacha kopo lake pale, na anayelihitaji hulichukua bila kutumbukiza mkono kwenye uchafu. Ni kipande cha chuma tu, lakini kimewekwa na mtu aliyekaa akamfikiria mwenzake.

Kwa hiyo naona uchungu kwa ninayoyaona sasa. Pango limepanda mno, maduka ya wenyeji yameondoka, na madirisha mengi ni yale yale utakayoyakuta Madrid au Munich. Hilo labda halizuiliki. Linalozuilika ni viti vya mikahawa kusogea mwaka hadi mwaka kwenye viwanja. Kiti cha mkahawa ni cha mwenye kikombe mbele yake, kikiisha huna budi kununua kingine au kuinuka. Benchi halimuulizi mtu.

Ukivuka Kongens Nytorv unafika Nyhavn, bandari ndogo ya nyumba za rangi. Gati lake lilikuwa maegesho ya magari mpaka mwaka 1980. Leo upande wa jua umejaa meza za mikahawa ghali, na hatua chache mbele yake vijana wameketi ukingoni, miguu inaning'inia juu ya maji, wanakunywa walivyonunua dukani. Wa mezani na wa ukingoni wanatazama mashua zile zile. Halmashauri ya Copenhagen ikiombwa kibali cha meza nyingine pale Amagertorv, iweke kwanza benchi, na benchi hilo litazame njia.