Siki Badala ya Chumvi

Nyama choma ikiletwa mezani hapa Nyeri, huja na rundo la chumvi pembeni ya ubao. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kidogo cha chai. Rundo lile ni hatari.

Jaribu vitunguu vya siki. Nunua vitunguu vyekundu sokoni Karatina, vimenye, vioshe, uvikate vyembamba. Chemsha siki na maji kiasi sawa, utie chumvi kidogo tu, umimine juu yake. Baada ya nusu saa viko tayari. Vinavyobaki viweke kwenye friji. Ukali wa siki utakusahaulisha chumvi.

Presha haibishi hodi. Nenda ukapimwe.